Dondoo muhimu: Kuvua viatu kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege wakati wa janga la ugonjwa wa kuambukiza

Ukiambiwa uvue viatu, vua bila ubishi, ila linda miguu na hasa mikono: mwaka 2016 watafiti walikuta vinasaba vya virusi vya mfumo wa upumuaji kwenye trei za ukaguzi za uwanja wa ndege wa Helsinki.

1. Vaa soksi safi tangu nyumbani. Usikanyage sakafu ya ukaguzi peku.
2. Chagua viatu vya kuchomeka. Buti za kamba ndefu hukuchelewesha na kusonganisha foleni.
3. Simu, funguo na sarafu zitie ndani ya begi mapema, zisiguse trei.
4. Usivue kabla ya kuambiwa. Si kila uwanja unadai hivyo.
5. Viatu vipewe trei yake, mbali na chakula na vitu vya mtoto.
6. Barakoa ishushe tu afisa akitaka kuona uso. Shika kamba, si kitambaa.
7. Ukishapita, sogea pembeni, keti, ndipo uvae, usiiname njiani.
8. Mzee, mjamzito au mwenye ulemavu aombe kiti, asione haya.
9. Usiguse macho, pua wala mdomo kabla ya kunawa kwa sabuni kwa sekunde 20.
10. Maji yakikosekana, tumia kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.
11. Kichupa chake kwa kawaida kisizidi mililita 100; uliza shirika lako la ndege kabla ya safari.