Somo kwa Watumishi na Wananchi: Laptopu Inapokataa Waifai



Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia mara kwa mara kutoka maofisini na majumbani, hakuna linalorudiwa kuliko hili: "Intaneti imekatika." Maneno haya husemwa kwa hali tatu au nne zisizofanana hata kidogo, na kwa kuwa maradhi hayakutajwa kwa jina lake, dawa inayotolewa aghalabu huwa si yake. Somo la leo limekusudiwa kumwezesha mtumishi na mwananchi wa kawaida kujua ni wapi hasa pamekatika, kabla hajamwita fundi na kabla hajatoa hata shilingi moja. Mfano wetu tumeuchukua mkoani Singida, ambako mwandishi alikwenda kwa harusi ya mpwa wake anayesomesha huko, akajikuta amemaliza siku mbili mbele ya kompyuta ya skuli.

Skuli yenyewe (au shule, kama wasemavyo wenzetu wa Bara) imo wilayani Iramba. Ina laptopu moja ya mtumba, na ndani yake mlikuwa na majina ya watahiniwa wa darasa la saba, mitihani ya majaribio ya miaka mitatu na hesabu za fedha za skuli. Asubuhi moja laptopu hiyo ilikataa waifai, ilhali zimebaki siku nne kufungwa usajili wa watahiniwa. Ikapelekwa mjini kwa fundi. Fundi hakuuliza lolote. Alisema dawa yake ni kupiga windo upya, akaifuta diski yote, akaweka Windows mpya, akapokea ujira wake. Mashine iliporejea, majina hayakuwamo tena. Waifai nayo haikurudi, na safari hii hata kile kialama chake pembeni ya saa kilikuwa kimetoweka.

"Shikamoo mzee," Mwalimu Mkuu aliniambia tulipokutana harusini. "Kilichokuwa kinauma ni kidole, wamekata mkono. Na kidole bado kinauma."

Twende basi kwa utaratibu. Intaneti inayomfikia mtu kwa waifai hupita vipande vitatu vya njia. Kipande cha kwanza kimo ndani ya laptopu: ni adapta, yaani kile kijiredio kinachotuma na kupokea mawimbi, pamoja na draiva, programu inayokiendesha. Cha pili kiko hewani, baina ya adapta na ruta. Cha tatu huanzia kwenye ruta kwenda nje, kwa laini ya simu au kwa faiba, hadi kuufikia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao kwa Singida hupita ukitokea Dodoma kuelekea Kanda ya Ziwa. Kipande chochote kikikatika, mtumiaji huona jambo moja tu: ukurasa haufunguki. Lakini kipimo cha kuvitenganisha vipande hivyo karibu kila mtu anacho mfukoni.

Chukua simu, zima data yake, iunganishe na waifai ile ile, kisha fungua ukurasa ambao hukuufungua siku hiyo. Simu ikifungua, ruta ni nzima na kipande cha tatu ni kizima. Lawama iko kwenye laptopu au baina yake na ruta. Simu ikiunganika lakini isifungue kitu, basi laptopu haina kosa. Kifurushi kimekwisha, au laini haijalipiwa, au faiba imekatwa mahali, na hakuna windo litakalopigwa ofisini likaunga waya uliokatwa na katapila barabarani. Kipimo hiki huchukua dakika mbili. Kama fundi yule angekifanya, na mashine angepelekewa mahali penye waifai, somo hili lisingekuwa na mfano.

Pale skulini simu ilifungua. Tatizo likawa ndani ya laptopu, na hapo pia kuna mpangilio wa kufuata, kuanzia kwenye jepesi.

La kwanza ni kitufe. Laptopu nyingi zina kitufe, mara nyingi katika safu ya F1 hadi F12, chenye mchoro wa ndege au wa mnara unaotoa mawimbi. Baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Kikiguswa kwa bahati mbaya redio yote huzimwa, na mashine haisemi neno zaidi ya kuonesha kialama cha ndege karibu na saa. Nilipomuuliza Mwalimu Mkuu siku ile ya kwanza aliona nini, alikumbuka vyema kialama cha ndege, na akakumbuka pia kuwa mtoto wa darasa la pili alikuwa ameichezea kibodi. Sikuwapo, siwezi kuapa. Lakini kwa dhana yangu miaka mitatu ya kazi ilifutwa kwa sababu ya kitufe kimoja.

La pili ni kuiwasha upya kikweli. Wengi hawajui kwamba tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kuzima mashine kwa njia ya kawaida si kuizima kabisa. Ili iwake haraka kesho yake, Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski, zikiwamo draiva kama zilivyokuwa, pamoja na ugonjwa wake. Anayetaka draiva zipakiwe upya achague Restart, si Shut down. Matatizo ya waifai yanayomalizwa na jambo hili dogo si machache.

La tatu, tazama tarehe. Laptopu ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huweza kuamka ikidhani ni mwaka uliokwisha kupita zamani. Waifai itaunganika bila ya shida, lakini kurasa zenye ulinzi, zikiwamo za mifumo ya Serikali, zitakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vitaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha saa, na "intaneti" itarudi.

La nne ni nenosiri. Kama limebadilishwa kwenye ruta, laptopu hung'ang'ania lile la zamani. Iamuru iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya kama mgeni.

Sasa tufike kwenye lililokuwa zito, nalo ni draiva. Tuseme mgeni ajuaye Kiswahili tu amebisha hodi kwa bibi kizee anayesema Kinyaturu peke yake. Wote wawili wana afya, masikio yao ni mazuri, na bado hakuna litakaloelewana mpaka aje anayezijua lugha zote mbili. Windows ndiyo mgeni, adapta ndiye bibi, na draiva ndiyo mkalimani. Kila aina ya adapta ina mkalimani wake. Wa Intel hamfai Realtek, na wa Realtek hamfai Broadcom. Windows huja na wakalimani wengi lakini si wote. Hivyo diski ilipofutwa mkalimani naye alifukuzwa, na adapta iliyokuwa nzima ikabaki bubu.

Ili kuthibitisha, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows iliyo chini ya skrini, uchague Device Manager. Itatokea orodha ya vifaa. Fungua fungu la Network adapters. Ukiona jina la adapta lina kishale kinachotazama chini, kifaa kimezimwa tu, na chaguo la Enable device litakiwasha. Ukiona pembetatu ya manjano, bonyeza jina hilo mara mbili usome namba iliyoandikwa. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva iliyopo imeharibika au haikubaliani na Windows hiyo. Namba 28 maana yake draiva haipo kabisa. Na ikiwa adapta haionekani hapo, tazama fungu la Other devices, ambako kifaa kisicho na mkalimani huwekwa kwa jina la Network Controller. Kama hakipo hata huko, hapo ndipo pa kumwita fundi wa vifaa afungue mashine. Huenda adapta imelegea au imekufa. Adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB huweza kushika nafasi yake bila ya kufungua chochote.

Sisi tulikuta Network Controller na namba 28. Kibandiko cha chini ya mashine kilikuwa kimefutika, hatukuweza kusoma modeli. Kwa hali kama hii, ndani ya ukurasa wa kifaa hicho fungua Details, kisha Hardware Ids, utafute herufi VEN na tarakimu zinazofuata. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. Zile zinazofuata DEV hutaja modeli yenyewe ya adapta. Ziandike zote mbili kwenye karatasi.

Hapa ndipo wengi hukwama: draiva imo kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila ya draiva. Mlango wa nyuma ni simu. Chomeka simu ya Android kwenye laptopu kwa waya wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya hotspoti, uwashe ile ya USB. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, na kwa kawaida Windows haihitaji draiva nyingine kwa kazi hiyo. Lakini waya uwe wa kupitisha data. Ziko nyaya rahisi zinazopitisha umeme tu. Tulipoteza saa nzima tukiilaumu simu, mpaka mpwa wangu akaleta waya wake. Jambo jengine: mara tu Windows inapoonja intaneti huanza kujishushia masasisho makubwa na kumaliza kifurushi. Kabla ya lolote, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uweke alama ya Metered connection, ili ijue kuwa mtandao huo ni wa kulipia.

Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kama vile HP, Dell au Lenovo, au ya aliyetengeneza adapta. Huko haiuzwi. Programu zinazojitangaza kuwa zitatafuta draiva zote kwa mpigo na kisha zikadai malipo, jiepushe nazo. Nyingine hubeba uchafu ndani yake. Asiye na simu ifaayo ashushe faili kwenye kompyuta ya mwenzake na kulileta kwa flashi. Na ikiwa waifai iliharibika mara tu baada ya Windows kujisasisha, usitafute mpya kwanza: ndani ya Device Manager, kwenye ukurasa wa Driver, mna Roll Back Driver, inayorudisha ile iliyokuwa ikifanya kazi. Pembeni yake, kwenye Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu mashine kuizima adapta ili kuokoa umeme. Hiyo husababisha waifai ya kukatika-katika, ambayo watu huisingizia mvua.

Draiva ilipoingia kialama cha waifai kilirudi, nasi tukashangilia mapema. Mtandao wa skuli haukuwamo kwenye orodha, ilhali simu ya Mwalimu Mkuu iliuona. Ruta nyingi za sasa hutangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na adapta za zamani husikia ya 2.4 tu. Vilevile masafa ya 2.4 yamegawiwa njia kwa namba, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikilizi njia ya 12 na 13. Laptopu za mtumba nyingi zinatoka huko. Tuliingia kwenye ruta, tukaiwashia masafa ya 2.4 yaliyokuwa yamezimwa, tukaiweka kwenye njia ya 6, na jina la mtandao likatokea. Katika zile tatu zinazoshauriwa, yaani 1, 6 na 11, yoyote ingefaa. Jirani hakuwapo wa kugombana naye.

Mawimbi yalikuwa hafifu hata hivyo, na sababu tuliiona kwa macho. Ruta ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi. Chuma huzuia mawimbi ya redio kuliko ukuta wa matofali, na kwa miaka yote hiyo skuli ilikuwa ikitumia yale yaliyopenya kwenye upenyo wa mlango. Niseme kwamba jambo hili nimeliona Unguja pia, katika ofisi ambayo sitaitaja.

Mitihani ya majaribio na hesabu za fedha hazikupatikana, kwa kuwa Windows mpya ilikuwa imeandikwa juu ya zile za zamani. Aliyefutiwa diski na bado anataka mafaili yake asiitumie mashine hiyo hata kwa dakika moja, maana kila kinachoandikwa hukanyaga kilichokuwapo. Majina ya watahiniwa yalinakiliwa upya kutoka daftari la mahudhurio, walimu wawili wakisoma na mmoja akiandika, na yalitumwa usiku wa siku ya mwisho. Ruta sasa iko juu ya kabati, imefungwa kwa mnyororo mwembamba kwenye nondo ya dirisha. Draiva tumeiacha kwenye flashi, ndani ya bahasha iliyoandikwa zile tarakimu za VEN na DEV, kwenye droo ya Mwalimu Mkuu.