NJIA YA MWONGO NI FUPI
Somo juu ya wasimamizi wa michezo na udanganyifu wa wachezaji na walimu wao

Gotu ni mahali pa joto na vumbi kando ya mto Ewaso Nyiro, katika Isiolo, kwenye barabara iendayo Merti. Wafugaji wa huko wajua vema kwamba pasipo zamu hapana maji. Katika desturi ya Waborana kisima huwa na mtu wake, aitwaye aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga zamu ya kunywesha: leo ngamia wa huyu, kesho ng'ombe wa yule. Mtu akiiba zamu ya mwenziwe, shauri lake hupelekwa kwa wazee. Husikilizwa kwanza, na akionekana amekosa hutozwa faini.

Anayeyafahamu mambo hayo amekwisha kuielewa nusu ya kazi ya msimamizi wa michezo. Kiwanja nacho ni kama kisima. Watu wote hukihitaji, kila mmoja hutaka kutangulia, na hapakosi mwenye kutaka kutangulia kwa hila. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi si ajabu mwalimu wa timu kuvutia upande wake. Kazi ya msimamizi ni kuangalia kwamba ngozi haipasuki.

Udanganyifu wa namna tatu

Namna ya kwanza ni ule wa machoni pa watu. Mchezaji hujiangusha pasipo kuguswa, au hushika mguu akilia ili mwenzake aadhibiwe. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu yaamuru kwamba mwenye kumdanganya refa kwa kujifanya ameumizwa au amechezewa vibaya aonyeshwe kadi ya njano. Lakini refa aamue kwa aliyoyaona, si kwa kelele za watazamaji. Tangu mwaka 1970 hata 2018 kadi zilikuwa za wachezaji tu katika fikira za watu wengi. Tangu 2019 sheria zaruhusu walimu wa timu nao waonyeshwe kadi wakifanya fujo kando ya kiwanja.

Namna ya pili ni udanganyifu wa karatasi, yaani wa majina na umri. Namna ya tatu ni ule wa siri: dawa zilizokatazwa, rushwa, na kuuza mechi. Hizi mbili hazionekani kwa jicho wala hazikomeshwi kwa kipenga. Zataka subira, maswali, na kumbukumbu zilizoandikwa.

Mfano wa kiwanjani

Chukua mfano, uwe mfano tu. Timu mbili za vijana wasiozidi miaka 17 zakutana Gotu kushindania fahali. Kabla ya mchezo, nahodha wa timu moja asema kwamba mshambuliaji wa wapinzani si kijana bali ni mtu mzima apakiaye mizigo mjini Isiolo, naye amekuja kwa jina la binamu yake. Mwalimu wa timu hiyo akana na kuapa. Msimamizi afanyeje?

Kwanza, asimfukuze mtu kwa maneno ya mshindani wake. Malalamiko yaandikwe, yatiwe sahihi, na mwalimu aliyelalamikiwa apewe nafasi ya kuyasoma na kuyajibu. Pili, atafute ushahidi usiotegemea upande wowote. Cheti cha kuzaliwa ni kizuri, lakini katika nchi ya wafugaji watoto wengi huzaliwa mbali na ofisi, na vyeti vyao hupatikana baada ya miaka. Kwa hiyo kukosa cheti si ushahidi wa uongo. Daftari la shule, neno la mwalimu mkuu, na wazazi wenyewe huweza kusema zaidi. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, tangu mwaka 2009 limepima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17. Gotu haina mashine hiyo, lakini ina watu wamjuao kila mtoto na ukoo wake.

Tatu, ushahidi ukikosa kupatikana kabla ya mchezo, mechi ichezwe na zawadi izuiliwe hata shauri limalizike. Nne, uongo ukithibitika, aulizwe ni nani aliyeupanga. Aghalabu kijana ameambiwa tu aitike kwa jina jingine, na mwenye hatia kubwa ni mwalimu aliyeandika orodha. Kumwadhibu kijana na kumwacha mwalimu ni kukata tawi na kuuacha mzizi. Wala asisahauliwe mtoto mwenye haki, aliyekaa nje ya mstari siku nzima kwa sababu mtu mzima amevaa fulana yake.

Uongo huongeza hatia

Njia hizo za kiwanja kidogo ndizo zitumikazo katika mashindano makubwa kabisa. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, huko Rio, mwaka 2016. Mwezi Februari 2017 alipimwa pasipo taarifa, akaonekana na EPO, dawa iongezayo chembe nyekundu za damu. Akafungiwa miaka 4. Katika kujitetea alisema kwamba alikuwa ametibiwa hospitalini, akatoa na hati. Wachunguzi hawakumwita mwongo palepale. Waliiuliza hospitali yenyewe, na hati zikaonekana si za kweli. Mwezi Januari 2019 adhabu yake ikafanywa miaka 8. Miaka 4 ilikuwa ya dawa, na miaka mingine 4 ilikuwa ya uongo.

Wilson Kipsang naye alikuwa bingwa mwenye sifa. Mwaka 2013, mjini Berlin, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 23. Wanariadha wa daraja hilo hutakiwa kutaja saa moja kila siku, na mahali watakapokuwa katika saa hiyo, ili wapimaji waweze kuwakuta. Kukosekana mara tatu katika miezi 12 ni kosa. Alipoulizwa kwa nini hakupatikana siku moja ya Mei 2019, alisema kwamba lori lilikuwa limepinduka na kuziba njia, akatoa picha yake. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ajali ya picha ile ilitokea Agosti 2019, miezi mitatu baada ya siku iliyoulizwa. Mwezi Julai 2020 alifungiwa miaka 4.

Katika mashauri yote mawili hapakuwa na ujanja mkubwa wa upande wa wachunguzi. Waliuliza swali jepesi: jambo hili lilitokea lini, na nani mwingine alijua? Uongo hauna miguu ya kusimamia swali hilo.

Kwa upande mwingine, kanuni za dunia za kuzuia dawa, tangu mwaka 2021, zimemfungulia mlango mwenye kusema kweli. Mchezaji apaswaye kufungiwa miaka 4 au zaidi, akikiri na kuikubali adhabu ndani ya siku 20 baada ya kushitakiwa, hupunguziwa mwaka mmoja. Msimamizi mwenye hekima na afanye vivyo hivyo katika kiwanja chake. Amwambie mshitakiwa tangu mwanzo kwamba kukiri kutapunguza adhabu na uongo utaiongeza. Wengi hudanganya kwa kuwa hawajaonyeshwa njia nyingine.

Msimamizi ajiangalie mwenyewe

Yote hayo ni bure ikiwa mkono wa msimamizi si safi. Mwaka 2016 meneja wa timu ya riadha ya Kenya alirudishwa nyumbani kutoka Rio, baada ya gazeti moja la Uingereza kumrekodi akitaka paundi 10,000 ili awaonye wanariadha kabla wapimaji hawajafika. Mwaka 2019 alifungiwa miaka 10. Mwezi Juni 2018 mwamuzi msaidizi mmoja wa Kenya aliikosa Kombe la Dunia la Urusi, baada ya kuonekana katika filamu akipokea dola 600 kutoka kwa mwandishi wa habari aliyejificha. Ukiilinganisha fedha hiyo na safari ile, utaona jinsi alivyouza ghali kwa bei rahisi.

Basi msimamizi asikae chakula na mwalimu wa timu moja kabla ya mchezo, asiamue shauri la timu ya ndugu yake, wala asipokee hata mbuzi. Aba herega akipokea zawadi ya mtu mmoja, siku hiyo hiyo wote hujua kwamba zamu imekwisha kufa, na kila mtu hukimbilia kisima na fimbo yake.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini ni vigumu kwa mtu kukubali kushindwa asipoamini kwamba ameshindwa kwa haki. Kumpa imani hiyo ndiyo kazi ya msimamizi: asikilize pande zote, aandike, aulize wasio na upande, kisha aamue bila kuogopa mkubwa wala kumwonea mdogo. Kijana wa Gotu akiondoka kiwanjani ameshindwa, naye aridhika kwamba zamu yake haikuibiwa, atarudi tena kucheza.