Kanabinoidi na Maradhi Yatokanayo na Unene: Ukweli wa Kumwambia Mgonjwa

Ichukuliwe mfano wa mama wa miaka 52 anayeuza mboga katika soko la Karatu. Uzito wake umeongezeka mwaka hadi mwaka, kiuno kimepita sentimita 100, naye anameza metformini kwa ajili ya kisukari aina ya pili. Anapofika kliniki anamweleza muuguzi kwamba jirani amemshauri aache vidonge, anywe maji ya majani ya bangi, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya wamegundua kuwa yanashusha sukari. Muuguzi akimkemea, mama huyo hatauliza tena. Akimcheka, huenda akaenda kujaribu kwa siri. Linalofaa ni kumjibu kwa ukweli, na ukweli huo una pande mbili: kemikali za jamii ya zile zilizomo katika bangi zinachunguzwa kweli kama dawa za maradhi yatokanayo na unene, lakini bangi yenyewe si dawa hiyo, na kiambato chake kikuu hufanya kazi kinyume na dawa zinazotafutwa.

Mfumo uliomo mwilini

Mwaka 1964, huko Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga kiambato kikuu kinacholevya katika bangi, kijulikanacho kwa kifupi kama THC. Mwaka 1988 wanasayansi nchini Marekani walionesha kuwa ubongo una vipokezi maalumu vinavyoshika kemikali hiyo. Kipokezi hicho kiliitwa CB1. Mwaka 1992 ikagunduliwa kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayoshika kipokezi hicho hicho. Ilipewa jina la anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Kemikali za jamii hii, ziwe za mmea, za mwilini au za maabara, huitwa kanabinoidi.

Kipokezi ni mithili ya kufuli, na kanabinoidi ni mithili ya ufunguo. CB1 ikifunguliwa katika ubongo, njaa huongezeka. Ikifunguliwa katika tishu za mafuta, mwili huhifadhi mafuta zaidi. Katika ini, mafuta hutengenezwa kwa wingi. Kwa mtu aliyeishi kwa kutegemea msimu wa mavuno na msimu wa ukame, mfumo wa namna hii ulikuwa akiba. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, mfumo huo huelekea kufanya kazi kupita kiasi, na matokeo yake ni ini lenye mafuta, insulini isiyofanya kazi ipasavyo, na sukari inayopanda katika damu.

Hapo ndipo penye kiini cha somo hili. THC hufungua kufuli. Dawa zinazotafutwa kwa ajili ya unene hulifunga. Ndiyo maana mwaka 1992 Marekani iliidhinisha THC iliyotengenezwa kiwandani, iitwayo dronabinoli, kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakikonda kwa kukosa hamu ya kula. Dawa hiyo ilikusudiwa kuwarudishia njaa.

Dawa iliyofaulu, kisha ikaondolewa

Dawa ya kwanza ya kufunga CB1 kuidhinishwa kwa ajili ya unene ilikuwa rimonabanti. Katika utafiti mmoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2005, ukiwa na washiriki 1,507, waliotumia miligramu 20 kila siku walipungua wastani wa kilo 6.6 kwa mwaka, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 1.8. Kiuno kilipungua na mafuta katika damu yakawa bora. Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa hiyo mwaka 2006.

Lakini CB1 iliyomo katika ubongo haihusiki na njaa peke yake. Inahusika pia na hisia. Miongoni mwa watumiaji kulijitokeza sonona, wasiwasi na mawazo ya kujiua. Matumizi yalisitishwa Oktoba 2008, na idhini ikaondolewa mwaka uliofuata. Marekani haikuwahi kuiidhinisha.

Tangu hapo watafiti wamejaribu kutengeneza dawa zisizoingia sana katika ubongo. Mojawapo ni monlunabanti. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024, kutoka kwa watu 243, yalionesha kuwa waliotumia miligramu 10 kwa wiki 16 walipungua kilo 7.1, dhidi ya kilo 0.7 kwa wasiopewa dawa. Hata hivyo, wasiwasi, hasira za haraka na kukosa usingizi vilijitokeza tena, na viliongezeka kadiri dozi ilivyopanda.

Kanabinoidi za mmea nazo zimepimwa. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 62 wa kisukari aina ya pili walifuatiliwa kwa wiki 13. Kiambato kiitwacho THCV kilishusha sukari ya kabla ya kula na kuboresha utendaji wa kongosho, lakini uzito haukupungua. Kanabidioli, inayouzwa katika nchi nyingi kama mafuta ya tiba, haikuboresha sukari wala mafuta ya damu yaliyolengwa. Matokeo ya THCV yanatia moyo, lakini watu 62 hawatoshi kujenga tiba.

Ushahidi ulio jirani

Kusini magharibi mwa mji wa Karatu, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonesha kuwa Wahadzabe hufanya shughuli za nguvu ya kati hadi kubwa kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na kwamba dalili za hatari ya maradhi ya moyo ni nadra kwao hata uzeeni. Raichlen huyo huyo alikuwa ameonesha mwaka 2012 kwamba kukimbia hupandisha anandamidi katika damu ya binadamu. Mfumo wa kanabinoidi, basi, si adui wa afya; mwili unaotembea huutumia kwa kiasi chake.

Utafiti mwingine wa mwaka 2012 uliongeza jambo la kuzingatia: ukilinganisha watu wa ukubwa sawa wa mwili, Mhadzabe hatumii nishati nyingi kwa siku kuliko mkazi wa Marekani au Ulaya. Kutembea hulinda moyo, lakini uzito hautapungua bila kuangalia kinachoingia mdomoni. Soda, chai yenye sukari nyingi na ugali wa sembe uliojaa sahani vinahesabiwa.

Kwa mtoa huduma

Mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kwa faragha na bila kuhukumiwa. Aelezwe kuwa kuilima, kuimiliki na kuitumia ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, lakini asitoke kliniki akidhani kuwa amekuja kushtakiwa. Ikumbukwe kwamba bangi huweza kuleta mapigo ya moyo ya haraka na kizunguzungu, dalili zinazofanana na za kushuka kwa sukari. Kanabidioli nayo hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, ikiwemo warfarini.

Kwa mgonjwa

Dawa isiachwe kwa ushauri wa jirani, hasa katika vijiji vya Ngorongoro ambako safari ya kufika hospitali ni ndefu na sukari iliyopanda haisubiri gari. Kiuno kipimwe: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ni mipaka ya tahadhari. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionesha kuwa watu walio katika hatari ya kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Metformini peke yake iliipunguza kwa asilimia 31.

Mama wa sokoni, mwenye kilo 90, angehitaji kupunguza kilo 6 hivi ili kufikia lengo kama hilo. Tayari ana kisukari, hivyo vidonge vyake vinaendelea. Kilo hizo zitavisaidia kufanya kazi. Dawa ya kufunga CB1 iliyo salama ikipatikana siku moja, ataipata kwa cheti cha daktari. Kwa leo, anayo metformini mkononi na njia ya kutembea kwenda na kurudi sokoni.