Kumwongoza Mtoto Bila Kumvunja Moyo



Tuanze somo hili kwa mfano. Shuleni kuna mtungi wa maji ya kunywa. Asubuhi moja mtungi waonekana umevunjika, na maji yamemwagika. Mwalimu auliza: «Nani ameuvunja?» Watoto wote wanyamaza. Auliza mara ya pili, kimya. Basi mwalimu ashika fimbo, awapiga wote, wenye kosa na wasio na kosa.

Jioni kila mtoto arudi nyumbani na mawazo yake. Aliyevunja mtungi asema moyoni: «Nimefanya vema kunyamaza, ningalisema kweli, ningalipigwa zaidi.» Wenzake wawaza: «Kuna faida gani kutenda mema? Mwema na mbaya hupata fimbo ileile.» Na mtoto mmoja mdogo, ambaye siku ile hakuukaribia mtungi hata kidogo, akataa kabisa kurudi shuleni.

Je, shule imepata nini? Mtungi haukurudi. Kweli haikujulikana. Na mtoto mmoja amepotea. Leo tutajifunza njia nyingine ya kulea, ambayo Mtakatifu Giovanni Bosco aliifuata maisha yake yote.

I. MAMA NA CHOMBO CHA MAFUTA

Giovanni Bosco, ambaye watu wengi humwita Don Bosco, alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, upande wa kaskazini wa Italia. Baba yake alikufa naye hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, alikuwa mkulima maskini, asiyejua kusoma. Inasimuliwa ya kuwa aliweka fimbo pembeni mwa nyumba, watoto waione. Lakini hakuichukua kuwapiga.

Siku moja mama alikwenda sokoni. Giovanni, mwenye umri wa miaka minane hivi, alipanda atafute kitu kilichowekwa juu, akaangusha chombo cha mafuta, kikavunjika. Alijaribu kuyafuta mafuta, asiweze. Basi akakata kijiti katika ua, akakichonga vizuri, akatoka kumlaki mama yake njiani. Akamweleza yote, akampa kijiti kile, maana alijua amestahili adhabu. Mama akamtazama, akatabasamu, akamsamehe.

Angalieni, wapendwa. Kwa nini mtoto huyu hakukimbia wala hakusema uongo? Kwa sababu alijua hakika kwamba mama yake ampenda. Hakuhuzunika kwa ajili ya fimbo, bali kwa ajili ya hasara ya mama. Mtoto wa mtungi alificha kosa lake. Mtoto wa mafuta alilileta mwenyewe. Tofauti haikuwa katika watoto, ilikuwa katika malezi.

II. KIJANA ALIYEPIGWA KATIKA SAKRISTIA

Giovanni Bosco akawa padri mwaka 1841 katika mji wa Torino. Siku zile vijana wengi maskini waliacha vijiji vyao, wakaja mjini kutafuta kazi ya kujenga nyumba. Hawakuwa na mtu wa kuwaangalia, na wengine waliishia gerezani. Padri kijana aliwatembelea humo, akasikitika sana.

Tarehe 8 Desemba 1841 alikuwa akijitayarisha kusoma Misa. Mlinzi wa sakristia alimwona kijana mmoja amesimama pale, akamwamuru atumikie Misa. Kijana akajibu kwamba hajui. Mlinzi akakasirika, akampiga kwa mpini wa ufagio, akamfukuza nje. Don Bosco akaamuru arudishwe mara moja, akisema kwamba kijana huyo ni rafiki yake. Baada ya Misa akamwuliza kwa upole habari za wazazi wake na za kazi yake. Wazazi walikuwa wamekufa. Kijana alikuwa na miaka kumi na sita, wala hakujua kusoma. Siku ileile padri akaanza kumfundisha.

Kutoka kwa kijana huyo mmoja ilianza kazi kubwa. Mwaka 1846 Don Bosco alipata mahali pa kudumu huko Valdocco, na baadaye akaanzisha shirika la Wasalesiani. Mwaka 1911 Wasalesiani wakafika hata kwetu Kongo, katika mji wa Elisabethville, unaoitwa sasa Lubumbashi. Ufagio ungalimfukuza kijana yule milele. Neno moja la upole lilimrudisha.

III. NJIA MBILI ZA KULEA

Mwaka 1877 Don Bosco aliandika mashauri yake juu ya malezi. Asema kwamba kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, mkubwa hutoa sheria, kisha hukaa mbali, akingoja kosa apate kuliadhibu. Katika njia ya pili, mkubwa huwajulisha watoto sheria, kisha hukaa pamoja nao katika masomo, kazi na michezo, ili kosa lisipate nafasi. Njia hii yasimama juu ya nguzo tatu: akili, yaani kumweleza mtoto sababu ya kila amri, dini, yaani kumwonyesha Mungu Baba anayemwona na kumpenda, na wema wenye upendo.

Tena alikataza kumpiga mtoto, kumpigisha magoti kwa kumwumiza, na kumvuta masikio. Alitaka pia mtoto akemewe faraghani, wala si mbele ya wenzake, ili asione haya ikageuka kuwa chuki.

Wazee wa Kongo walijua vizuri malezi ya njia ya kwanza. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mjeledi wa ngozi ya kiboko uliwachapa watu wazima mbele ya wake zao na watoto wao. Je, uliwafanya kuwa watu wema? La. Uliwafundisha kuogopa na kujificha. Tusimtwike mtoto wetu mzigo ambao baba zetu waliulilia.

Sheria za mataifa nazo zasema hivyo. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mapatano ya Haki za Mtoto, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliyathibitisha mwaka 1990. Humo imeandikwa kwamba nidhamu ya shule lazima iheshimu utu wa mtoto.

IV. MZIGO WA SHULE NI WA WOTE

Mtu atasema: «Mwalimu ni mmoja, watoto ni wengi, atawezaje kuwa pamoja na wote?» Neno hilo ni la kweli. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi yalipofanywa kuwa bure katika shule za serikali na za mashirika ya dini yaliyopatana nayo, madarasa mengi yamejaa. Kwa hiyo mwalimu asiachwe peke yake. Mtume Paulo atufundisha kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na kila kiungo kina kazi yake. Ndivyo ilivyo shule.

Watoto wana kazi. Mwaka 1856, huko Valdocco, Domenico Savio na wenzake walianzisha chama chao cha Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Waliahidi kuwasaidia wanafunzi wengine, hasa wageni na wale wenye tabia ngumu, wawe rafiki zao. Domenico alikufa mwaka 1857, hajatimiza miaka kumi na mitano; mwaka 1954 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu. Basi watoto wagawane kazi kwa zamu: huyu afagie, huyu ateke maji, huyu apalilie bustani, huyu amsaidie mwenzake asiyeelewa hesabu. Hata kapita wa darasa asiwe mpelelezi wa mwalimu. Awe ndugu mkubwa.

Wazazi wana kazi. Wamtume mtoto mapema, amekula na kunawa. Wahudhurie mkutano wa wazazi, washauriane na mwalimu kabla ya ugomvi kutokea, wasaidie kutengeneza paa linalovuja.

Mwalimu ana kazi. Afike kwa wakati, ajue kila mtoto kwa jina lake, atimize ahadi yake. Watoto hufuata matendo kuliko maneno.

Wazee na katekista wana kazi. Wakimwona mtoto anazurura saa ya masomo, wamwulize kwa upole kilichomzuia, wala wasipite kana kwamba si mtoto wao.

V. JE, KOSA LIACHWE TU?

Sivyo. Upole si ulegevu. Tuurudie mtungi wetu. Mwalimu mwenye busara atasema: «Mtungi huu ulikuwa wa sisi sote. Aliyeuvunja aje kwangu baada ya masomo, sitampiga. Tutatafuta pamoja namna ya kulipa.» Labda mtoto atakuja jioni, akitetemeka. Mwalimu amsifu kwanza kwa kusema kweli. Kisha wapatane kazi ya kulipa: atafute udongo, au alime bustani siku tatu. Hapo mtungi utarudi, kweli itajulikana, na mtoto atabaki. Labda siku ya kwanza hatakuja mtu. Mwalimu asichoke, imani haipandwi na kuvunwa siku moja.

Bwana Yezu alifanya vivyo hivyo na Petro. Petro alimkana mara tatu. Baada ya kufufuka, Yezu hakumfukuza. Alimwuliza mara tatu kama ampenda, akamkabidhi kazi ya kuchunga kondoo wake. Alimsahihisha kwa upendo, akamrudishia kazi.

MAULIZO

1. Kwa nini Giovanni alimwendea mama yake mwenyewe, asifiche kosa?
Jibu: Kwa sababu alijua kwamba mama ampenda, akahuzunika kwa hasara aliyoileta.

2. Nguzo tatu za malezi ya Don Bosco ni zipi?
Jibu: Akili, dini, na wema wenye upendo.

3. Mzigo wa shule wachukuliwa na nani?
Jibu: Na wote: watoto, wazazi, walimu, wazee na katekista.

4. Je, mwenye kosa asiadhibiwe?
Jibu: Alipe kosa lake kwa kazi ya haki, bila kuumizwa wala kuaibishwa.

AZIMIO

Ewe mkatekumeni, waomba ubatizo, yaani kuwa mtoto wa Mungu. Juma hili, mtoto wako akikosa, ungoje kwanza hasira ipoe. Umwulize, umsikilize mpaka mwisho, kisha umwonyeshe namna ya kutengeneza alichoharibu.

SALA

Ee Mungu Baba yetu, watuvumilia sisi tuliokosa mara nyingi. Utupe mikono ya upole kwa watoto uliotukabidhi. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.