Okidi za Katumba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya yanamhusu kila aingiaye miombo ya Katumba wakati wa mvua: mkulima wa tumbaku, mlina asali, mchungaji, mwokota uyoga.

Itambue kabla hujaikanyaga. Okidi hizi huota udongoni: shina moja lililosimama wima, majani machache, maua yamepangana kuelekea kileleni. Litazame ua kwa nyuma. Likiwa na mikia miwili, hiyo ni Satyrium. Jeupe au la kijani lenye mkia mmoja mrefu huenda ni Habenaria, ambayo baadhi yake hunukia usiku kuwaita nondo. Eulophia nyingi hupenda udongo mkavu chini ya mitundu. Disa na Satyrium zitafute kandokando ya mbuga, panapotuama maji.

Usichimbe. Hili halina mjadala. Chini ya Satyrium kuna viazi viwili: kilichonyauka kinachoulisha mmea mwaka huu, na kigumu kilichowekwa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kile kigumu. Akikirudisha kilichonyauka ardhini hajaacha kitu, kwa maana hakitachipua tena.

Usiuze, wala usimwoneshe mnunuzi njia. Viazi hivi hutwangwa na karanga kupika chikanda, chakula kipendwacho Zambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba hadi viazi milioni 4 kwa mwaka vilikuwa vikivuka mpaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Huko, uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua yake yakapata ulinzi. Mbuga za Katumba hazina ulinzi huo. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES. Kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Usiihamishie bustanini. Mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Haioti bila kuvu wa udongo wake. Ukiing'oa, utaiua.

Usiwashe moto machipukizi yakishatoka. Moto wa kiangazi hupita juu ya kiazi kilicholala. Ule wa baada ya machipukizi huunguza ua kabla halijatoa mbegu.

Usilime kingo za mbuga hadi majini. Tangu makazi ya Katumba yaanzishwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, jembe limeshapewa ardhi ya kutosha.

Piga picha, kisha ondoka. Ukikuta mashimo mabichi yaliyofuatana, mwarifu mwenyekiti wa kijiji au afisa misitu siku hiyohiyo, usingoje mvua ijayo.