Kabla ya Kubadili Mpangilio wa Diski, Andaa Njia ya Kurudi

Katibu wa chama ana hesabu za michango, mwanafunzi ana mradi wake wa mwisho, mwenye saiba ana stakabadhi za wateja. Vyote vimo katika diski moja, na diski hiyo ndiyo huguswa mtu anapohamia Windows 11 kutoka Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025.

Kompyuta nyingi kuukuu zina diski iliyopangwa kwa mtindo wa MBR. Windows 11 huhitaji mashine yenye UEFI, nayo UEFI huwasha Windows kutoka diski ya GPT. Windows 10 ina programu iitwayo MBR2GPT inayobadili mpangilio huo bila kufuta faili, ila haina amri ya kurudisha ulivyokuwa. Kwanza hakikisha mashine ina TPM 2.0, bila hiyo, kubadili diski ni kujihatarisha bure.

Nakili diski nzima, si faili tu, kwenye diski ya nje. Fungua faili kadhaa za nakala hiyo katika kompyuta nyingine, kwani nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Kisha tengeneza flashi ya uokoaji na uwashe mashine kwayo katika hali ya UEFI. Ikiwaka, umejua mapema kwamba mlango wa dharura unafunguka. Rudisha mpangilio wa BIOS ulivyokuwa.

Kama diski inalindwa na BitLocker, sitisha ulinzi huo na uandike ufunguo wake kwenye karatasi. Chaji betri ijae. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS, maana stima haipigi hodi ikipotea.

Sasa endesha, kwa mamlaka ya msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Amri hii hukagua tu, haibadilishi kitu. Ikikataa, huenda diski ina sehemu kuu zaidi ya tatu. Simama hapo, umwone fundi. Ikikubali, weka /convert mahali pa /validate.

Baadaye mashine inaweza kugoma kuwaka, na hapa ndipo wengi hupoteza kazi yao kwa haraka ya kuweka Windows upya. Mara nyingi BIOS bado iko katika hali ya zamani, Legacy. Ingia humo, chagua UEFI, uwashe tena. Usimruhusu mtu yeyote kufuta diski kabla ya kujaribu hilo.