Usitupe Mbachao: Tupambe Nyumba kwa Vitu vya Mnadani

Wahenga walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Maana yake ni hii: usikiache kitu chako cha zamani kwa sababu tu umeona kizuri kinapita.

Katika somo letu la leo tutajifunza kupamba nyumba kwa vitu vilivyokwisha kutumika, vile vinavyouzwa kwa bei nafuu mnadani. Tutajifunza pia vitu ambavyo, hata ukipewa bure, usivipeleke nyumbani.

Habari ya Baba Neema na Mama Neema

Tuchukue mfano wa mume na mke. Hawa ni wakulima. Mwaka huu wamevuna na kuweka ghalani magunia sita ya mahindi. Binti yao Neema ameposwa, na wazazi wa kijana watakuja baada ya wiki nne.

"Mama Neema," akasema mume, "wakwe wanakuja. Watakaa wapi? Kwenye vigoda? Tuuze mahindi tununue makochi."

Mama Neema hakumbishia. Alichukua daftari na kalamu. "Baba Neema, kwanza tupige hesabu. Gunia moja ni kilo 100. Sisi watu sita tunakula kilo mbili na nusu kwa siku. Kwa hiyo gunia moja ni chakula cha siku 40. Magunia sita ni siku 240, ndiyo miezi minane. Makochi ni shilingi 420,000. Gunia ni shilingi 70,000. Tukiuza yote sita tutapata makochi kamili. Lakini tutakaa juu yake tunakula nini?"

Baba Neema alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Sasa mimi niaibike mbele ya watu?"

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo. Kila mtu anataka heshima nyumbani kwake. Mama Neema alijua hivyo, kwa hiyo hakumcheka mumewe. Alimwambia, "Hatutaaibika. Tuuze gunia moja tu, twende mnadani pamoja."

1. Kabla ya kwenda mnadani

Wengi wetu tunakosea hapa. Tunafika mnadani mikono mitupu, bila kujua tunataka nini. Tunaona kitu rahisi, tunanunua. Tukifika nyumbani hakina kazi. Hiyo siyo kubana matumizi. Ni kutupa fedha kidogo kidogo.

Fanyeni hivi:

(a) Kaeni sebuleni, mtazame. Ni nini kinachokosekana? Kiandikeni.

(b) Pimeni. Kama hamna futi kamba, tumieni kamba ya kawaida na mfunge fundo. Kitambaa cha pazia kiwe na upana kama mara mbili ya upana wa dirisha. Hapo pazia litakuwa na mikunjo ya kupendeza.

(c) Tazameni mlichonacho tayari. Kanga iliyopauka katikati bado ina pindo zuri. Gunia la katani lililotoboka upande mmoja bado lina upande mzima.

(d) Wekeni kikomo cha fedha. Kikifika, rudini nyumbani.

2. Mkiwa mnadani

Mitumba si jambo geni kwetu. Wazee wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, wanajua thamani ya kitu kilichokwisha kutumika. Mwaka 1984 Serikali ya Tanzania ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na baada ya hapo biashara ya mitumba ikaenea. Leo mnadani utapata mashuka, viti, vioo, mabeseni na mbao. Lakini kununua kunahitaji macho.

Kitambaa: Kinyanyue juu, ukitazame kwenye mwanga wa jua. Matundu yataonekana. Kivute kidogo kwa mikono miwili. Kikichanika, kiache.

Kiti: Kikalie, kisha jitikise. Mguu uliolegea si tatizo, seremala ataupiga gundi na msumari. Lakini ukiona vitundu vidogo na unga unaodondoka, huyo ni bungua anayekula mbao. Akiingia nyumbani anaweza kuhamia kwenye paa lako.

Nyufa na mishono: Hapa ndipo kunguni hujificha. Angalia madoa madogo meusi. Ukiyaona, usidanganywe na bei. Kunguni mmoja jike mwenye mayai anatosha kuwakosesha usingizi nyumba nzima.

Mbao za kubebea mizigo, zile ziitwazo palati: Nyingi huwa na muhuri. Herufi HT zina maana kwamba ubao umepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Hizo ni nzuri. Herufi MB zina maana kwamba ubao ulipigwa gesi yenye sumu. Hizo usizitumie nyumbani, wala usizichome jikoni.

3. Pipa la buluu

Katikati ya mnada Baba Neema aliona pipa dogo la plastiki, la buluu, zuri kabisa. "Hili hapa!" akasema. "Tutaliweka sebuleni liwe la maji ya kunywa ya wageni."

Mama Neema aliligeuza. Upande wa chini kulikuwa na karatasi iliyobanduka nusu. Kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili. Chini yake kulikuwa na neno. Alilisoma polepole, kama tulivyofundishwa darasani: "Su-mu."

"Mama yangu," akasema muuzaji, "mimi nimelisuuza vizuri. Halinuki kitu."

"Kaka yangu," akajibu Mama Neema, "sumu si tope. Plastiki imekwisha kuinywa. Ukitia maji humu, itatoka taratibu iingie kwenye maji, na watoto watayanywa."

Ni kweli. Chombo kilichowekewa dawa ya wadudu wa mimea hakiwezi kusafishwa kikawa cha chakula au maji. Si kwa sabuni, si kwa majivu, si kwa mchanga. Mkulima akimaliza dawa, anapaswa kukisuuza chombo mara tatu, maji yale ayamimine kwenye bomba la kupulizia dawa, kisha akitoboe ili asitokee mtu wa kukitumia tena. Baada ya hapo amwulize bwana shamba mahali pa kukipeleka. Kama pipa au dumu halina karatasi, na muuzaji hajui lilikuwa na nini, liache palepale.

Siku ile Baba Neema alisema neno moja tu: "Lo!" Alikuwa hajasoma karatasi ile. Aliona rangi tu.

4. Usafi kwanza

Vitu vya mnadani visiingie ndani siku ileile. Viwekeni uani, mfanye haya:

Vitambaa vyote viloweke katika maji ya moto na sabuni, mvifue na kuvianika juani, siyo kivulini. Vikikauka, vipigeni pasi ya moto pande zote mbili. Kuna nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu. Pasi ya moto huua mayai hayo.

Viti visugueni kwa brashi na maji ya sabuni. Kwenye nyufa mwageni maji yanayochemka. Halafu vikae juani mpaka vikauke kabisa.

5. Kazi yenyewe

Pazia: Kata shuka vipande viwili. Pinda upande wa juu upate njia ya kupitisha fimbo ya mwanzi. Chini shonea pindo la kanga kuukuu.

Zulia: Magunia manne ya katani yafuliwe, yafumuliwe, yashonwe pamoja. Pembeni zungushia utepe wa kitenge. Likichafuka litafulika.

Viti: Piga msasa mpaka rangi ya zamani iishe. Fanyeni kazi hii nje, mkijifunga kitambaa puani, maana vumbi la rangi kuukuu linaweza kuwa na sumu. Watoto wakae mbali. Kisha paka vanishi mara mbili. Mara ya kwanza iachwe ikauke kabisa.

Mito ya viti: Usinunue vipande vya magodoro ya zamani, vinaficha kunguni. Jaza sufi, au matambara safi yaliyokatwa vipande vidogo.

Rafu: Mbao za palati zenye muhuri wa HT hutoa rafu nzuri. Mama Neema aliitundika yake karibu na dirisha. Juu aliweka chupa ya maua. Chini aliweka madaftari ya watoto na magazeti yake ya kusoma. Elimu nayo ni pambo la nyumba.

Tairi: Wengine hupenda kupanda maua katika tairi kuukuu mlangoni. Ni jambo zuri, lakini toboeni matundu upande wa chini. Tairi lenye maji ni kitalu cha mbu. Mbu wa homa ya dengi hupenda sana mahali kama hapo. Ugonjwa huo ulisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yai la mbu laweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku nane hadi kumi tu.

6. Matumizi ya Baba Neema na Mama Neema

Bei hizi ni za mfano. Kwenu zinaweza kuwa tofauti.

Shuka la pazia: shilingi 4,000
Viti viwili, kila kimoja 8,000: shilingi 16,000
Kioo chenye pembe iliyomeguka: shilingi 3,000
Mbao za palati: shilingi 6,000
Msasa, misumari na gundi: shilingi 7,000
Vanishi: shilingi 9,000
Magunia manne, kila moja 1,500: shilingi 6,000
Sufi: shilingi 5,000
Jumla: shilingi 56,000

Waliuza gunia moja kwa shilingi 70,000. Zilibaki shilingi 14,000, na ghalani yalibaki magunia matano.

Siku ikafika, wageni wakaja. Walikaa kwenye viti vile na kwenye benchi lililotandikwa kitenge. Kiti kimoja kililia kidogo kila mtu alipojigeuza. Baba Neema aliwahi kukikalia hicho yeye mwenyewe, mgeni asije akakipata. Maji ya kunywa yalitoka mtungini, baridi na masafi. Wageni walikula wakashiba, wakaaga. Na nyumba ile mwezi uliofuata, na ule wa baada yake, watoto wake hawakulala na njaa.

Ndiyo maana wahenga wakasema pia, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini Mama Neema hakumcheka mumewe? Wewe ungefanyaje?
2. Tazama nyumbani kwako. Je, kuna dumu, pipa au kopo ambalo hujui lilikuwa na nini? Utalifanyaje?
3. Magunia matano ni chakula cha siku ngapi kwa familia ile?
4. Dirisha lina upana wa sentimita 90. Kitambaa cha pazia kiwe na upana gani?
5. Taja vitu vitatu vilivyochakaa nyumbani kwako ambavyo vinaweza kupata kazi mpya.

Majibu ya hesabu: Swali la 3 ni siku 200. Swali la 4 ni sentimita 180.